Fungate ya Bajeti Ndogo: Ipangeni Kabla Harusi Haijamaliza Pesa

Nimekaa kwenye kamati nyingi za harusi hapa Dar es Salaam, mara nyingi nikiwa mhazini, na mambo huenda vilevile karibu kila mara. Ukumbi unajadiliwa vikao na vikao. Rangi ya vitambaa vya meza inazua ubishi. Vinywaji vinahesabiwa kreti kwa kreti. Fungate haitajwi mpaka wiki ya mwisho, pale mtu anapouliza, "Hivi maharusi wanapumzikia wapi?" na watu wanabaki kuangaliana, maana pesa imeshakwisha. Basi maharusi ama wanakopa ili nao waonekane ufukweni, ama Jumatatu wanaamkia nyumba iliyojaa wageni wa kutoka mikoani, bibi harusi akichemsha chai ya ukoo mzima.

Inanisikitisha kwa sababu haina ulazima. Watu wawili waliotoka kwenye miezi ya vikao, michango, vipimo vya nguo na simu zisizonyamaza wanahitaji siku chache za kuwa peke yao: walale, wale, wazungumze. Hilo halihitaji mamilioni. Linahitaji chumba kizuri, mahali pasipo na ndugu, na pesa iliyotengwa mapema. Nitaeleza hatua kwa hatua nikitumia mfano wa maharusi wanaoishi Dar es Salaam wenye laki sita mkononi. Mwenye laki tatu atapunguza siku, mwenye milioni ataongeza, lakini mpangilio hautabadilika.

Hatua ya 1: Tengeni pesa ya fungate kabla ya kikao cha kwanza cha kamati

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pesa ya fungate isitegemee bahasha za ukumbini. Hakuna anayejua zitakuwa na nini, na asubuhi yake watakuja wenye madai: mpambaji aliyebakiza malipo, mwenye viti, mpiga picha. Isitegemee ahadi za michango pia. Kila aliyewahi kushika daftari la kamati anajua kwamba ahadi haziji zote, na zile zinazochelewa hufika wakati harusi imeshapita na kuna deni linazisubiri.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Mara tu baada ya mahari kukubaliwa, fungueni akaunti au kibubu cha simu ambacho mmoja wenu ndiye anashika namba ya siri, na kisitumike kwa kitu kingine chochote. Mkiweka elfu hamsini kila mmoja kwa mwezi, ndani ya miezi sita mna laki sita. Mkiwa na miezi mitatu tu, mna laki tatu, na laki tatu inatosha fungate ya siku tatu karibu na nyumbani.

Njia ya pili ni kuiingiza fungate kwenye bajeti ya kamati tangu ukurasa wa kwanza, iwe na mstari wake kama ukumbi na chakula. Mhazini atauliza, wajumbe wengine watanung'unika kwamba hayo ni mambo ya maharusi wenyewe. Wajibuni kwa upole: harusi yenyewe nayo ni ya maharusi, na mapumziko ni sehemu ya harusi. Kamati nyingi hukubali jambo likisemwa mapema. Likisemwa mwishoni linaonekana ombi la ziada.

Kuna pesa nyingine ambayo watu hawaitazami kabisa: ile ya kuvunja kamati. Kila inapobaki akiba, desturi yetu ni wajumbe kukutana tena, wale nyama, wanywe, waagane. Sina ugomvi na desturi hiyo, wajumbe wamehangaika. Lakini ombeni mapema, kupitia mwenyekiti, kwamba salio likipatikana, sehemu yake iende kwenye fungate. Mwenyekiti mzuri atalisimamia.

Na zawadi. Marafiki wa karibu watakuuliza, "Nikuletee nini?" Usiseme "chochote," maana chochote ni seti nyingine ya glasi na blanketi jingine. Mwambie rafiki yako bila aibu: "Nilipie chumba siku moja." Marafiki wanne wa namna hiyo wamemaliza malazi yote.

Jambo moja ninalishikilia: msikope kwa ajili ya fungate, hasa ile mikopo ya kwenye simu. Mwezi wa kwanza wa ndoa una kodi ya nyumba, vyombo, gesi na mambo ambayo hamjawahi kuyalipia pamoja. Deni la starehe likiingia humo linaleta maneno ndani ya nyumba mapema mno.

Hatua ya 2: Ombeni likizo mapema, muondoke Jumatatu

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, lakini mwajiri ana sauti kuhusu ni lini zichukuliwe. Pelekeni barua zenu mara tarehe ya harusi inapojulikana. Anayefanya biashara yake mwenyewe atafute mapema mtu wa kushika duka, amfundishe wiki mbili kabla, si siku mbili kabla.

Harusi nyingi ni Jumamosi. Nashauri Jumapili mlale nyumbani au kwa mtu anayejua kufunga geti, muondoke Jumatatu asubuhi, mrudi Ijumaa. Zipo sababu za pesa hapa. Vyumba vya pwani karibu na Dar, kuanzia Kigamboni hadi Bagamoyo, hujaa wikiendi na kuwa vitupu katikati ya wiki. Meneja mwenye vyumba vitupu Jumanne anasikiliza maneno ambayo Jumamosi asingeyasikia. Mkirudi Ijumaa mnabaki na Jumamosi na Jumapili za kupanga nyumba kabla ya kazi.

Hatua ya 3: Kaeni chini mseme kila mmoja anataka nini

Hatua hii ni fupi. Kila mmoja aandike vitu viwili anavyovitaka kweli kwenye fungate, bila kumwangalia mwenzake. Mmoja anaweza kuandika "kulala mpaka saa nne asubuhi" na "maji ya moto." Mwingine "bahari" na "samaki wa kuchoma." Hapo mmeshajua pesa iende wapi. Ambacho hakimo kwenye orodha hizo mbili, iwe puto za chumbani, picha za droni au safari ya boti, hakina haki ya kugusa laki sita zenu.

Hatua ya 4: Chagueni mahali kwa kuangalia nauli na kalenda

Watu huanza na picha. Anzeni na kalenda, kisha nauli, halafu ndipo picha.

Kalenda kwanza. Masika hunyesha Machi mpaka Mei, na katika miezi hiyo hoteli za pwani hushusha bei. Hoteli nyingine za Zanzibar hufunga kabisa Aprili na Mei. Julai mpaka Septemba, na tena mwisho wa Desemba, wageni wa nje ni wengi na bei hupanda. Kwa mtu wa bajeti ndogo, wiki za mwanzo za Juni ni nzuri sana: mvua zimeisha, hali ya hewa ni ya ubaridi mtamu, na bei za msimu wa wageni bado hazijaanza. Novemba nayo inafaa, ila mkubali kunyeshewa na vuli siku moja mbili.

Kama harusi yenu ni ya Desemba, tazameni barabara. Kuanzia katikati ya mwezi huo watu wa Kilimanjaro, Arusha na Tanga wanarudi kwao, na wengi wanapita njia moja ya Chalinze na Segera. Tiketi zinakuwa adimu, na mkirudi baada ya mwaka mpya mnakutana na umati uleule ukishuka. Fungate ya Desemba elekezeni kwingine.

Sasa mahali penyewe.

*Lushoto* ndiyo ninayoipigia debe kwanza, hasa kwa wanaotaka kulala na kutembea. Basi linatoka stendi ya Magufuli, Mbezi, alfajiri. Mnapita Korogwe mpaka Mombo, kisha basi linaiacha barabara kuu na kuanza kupanda milima ya Usambara kwa zaidi ya kilomita 30 za kona. Pale Soni mnayaona maporomoko kutoka barabarani. Mji wenyewe uko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, joto la Dar mnalisahau. Uzuri wa Lushoto ni kwamba starehe zake nyingi ni za miguu: kutembea mpaka Irente, ambako mlima unakatika ghafla na chini kabisa mnaona Mazinde na tambarare inayoelekea Umasaini, kuingia msitu wa Magamba, kununua jibini, jemu na mkate wa rai shambani Irente mkakaa kwenye nyasi mkala. Sokoni kuna peasi, plamsi na mboga za kila aina, kwa msimu wake. Angalizo ni mawili. Juni na Julai ni baridi kweli, kwa hiyo ulizeni kama chumba kina maji ya moto na blanketi za kutosha. Na wakati wa masika, udongo huweza kuporomoka kwenye barabara ya kutoka Mombo, msiende huko Aprili.

*Zanzibar* inawezekana kwa pesa ndogo, lakini inahitaji nidhamu. Boti za mwendo kasi hutumia karibu saa mbili kutoka Dar, na Mtanzania hulipa nauli yake kwa shilingi, chini ya ile ya mgeni. Bebeni vitambulisho vya NIDA. Wakati wa upepo wa kusi, Juni mpaka Agosti, bahari huchafuka. Anayechafukwa na tumbo baharini atafune tangawizi na akae nyuma chini. Mkishuka bandarini msichukue teksi ya kwanza. Daladala namba 309 inakwenda Jambiani, 116 inakwenda Nungwi, kwa nauli ambayo teksi haiwezi kuikaribia.

Kuhusu fukwe, kuna jambo ambalo wenyeji wanalijua na wageni wanaligundua wameshalipa. Upande wa mashariki, Jambiani, Paje, Bwejuu na Matemwe, maji yakipwa yanakwenda mbali mno, mpaka mnaona wanawake wakivuna mwani mahali ambapo asubuhi palikuwa na kina. Kuogelea ni wakati wa maji kujaa tu. Kaskazini, Nungwi na Kendwa, maji hayaondoki hivyo, na ndiyo maana vyumba vya huko ni ghali zaidi. Mimi ningechagua mashariki bila kusita. Bei ni nafuu, kijiji kimetulia, na kutembea kwenye mchanga wa maji kupwa, mkiangalia mashamba ya mwani na kaa wanaokimbia, ni matembezi yasiyo na kiingilio. Muulizeni mwenyeji kila asubuhi, "Leo maji yanajaa saa ngapi?" mpange siku kwa jibu lake. Vaeni viatu vya plastiki, maana kuna urumbu, yaani wale viumbe wenye miiba myeusi. Na mkiwa mjini na vijijini vaeni nguo za heshima. Kanga mbili kwenye begi zinatosha. Ikiwa ni Ramadhani, migahawa ya bei ndogo haifunguliwi mchana, na kula hadharani kunaudhi wenyeji. Subirini mwezi upite.

*Morogoro* imekuwa rahisi tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria Juni 2024. Nauli iliyotangazwa wakati huo kwa daraja la kawaida ilikuwa shilingi 13,000 kutoka Dar, na safari haifiki saa mbili. Mnalala chini ya milima ya Uluguru, mnapanda Morningside siku mnayotaka, na kama pesa inaruhusu mnaungana na watu wengine kukodi gari la kuingia Mikumi. Mzawa hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, kiwango cha chini kabisa ukilinganisha na mgeni. Asiye na pesa ya gari apande basi la kwenda Iringa: barabara kuu inakatiza katikati ya hifadhi ya Mikumi, na si ajabu kumwona twiga au tembo kutoka dirishani.

*Bagamoyo* ni ya wenye laki mbili au tatu. Iko kilomita 65 hivi kutoka Dar, daladala zipo siku nzima. Kuna bahari, kuna magofu ya Kaole, kuna misheni ya mwaka 1868, na kuna samaki wanaoshushwa mbele ya macho yenu.

Walio Nairobi wana Madaraka Express mpaka Mombasa, kisha kivuko cha Likoni ambacho anayevuka kwa miguu hakilipii, kisha matatu mpaka Diani. Hesabu ni zilezile.

Na kama hata laki mbili haipo? Basi fanyeni fungate ya ndani, na msiionee haya. Wazee wetu wa pwani walikaa ndani siku saba, chakula kikiletwa kutoka kwa wazazi, na hakuna aliyewabishia hodi bila sababu. Hilo linawezekana leo kwenye chumba na sebule pale Tabata. Sharti lake ni makubaliano: wageni wote warudi makwao au wahamie kwa shangazi, mtu mmoja wa kila upande apangiwe zamu ya kuleta chakula na kukiacha mlangoni, na nyie mnunue mapema mashuka mapya na maua. Usaidizi wa namna hiyo ndugu huutoa kwa furaha wakiombwa.

Hatua ya 5: Gawanyeni pesa kabla hamjampigia mtu yeyote simu

Kwa laki sita, siku tano na kulala usiku wa Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi, mimi ningegawanya hivi:

Malazi 240,000, yaani elfu sitini kwa usiku.
Usafiri wa kwenda, kurudi na wa kule kule 130,000.
Chakula 120,000.
Matembezi 50,000.
Akiba isiyoguswa 60,000.

Hivi si bei za soko, ni mipaka. Mkipata chumba cha elfu hamsini, ile elfu kumi iende kwenye samaki, si kwenye kitu kingine kilichozuka. Mkikuta nauli imevuka mpaka, punguzeni usiku mmoja, msipunguze ubora wa chumba. Msimamo wangu kwenye hili ni mkali. Kwenye safari ya kawaida chumba ni mahali pa kulaza kichwa, lakini kwenye fungate mtakaa humo nusu ya siku. Kitanda kinacholia, choo cha kuchangia, ukuta unaopitisha redio ya jirani: hivyo vinaharibu kitu ambacho hakuna matembezi yatakayokirudisha. Usiku tatu kwenye chumba kizuri ni bora kuliko usiku sita kwenye gesti ya stendi.

Hatua ya 6: Pigeni simu wenyewe

Mitandao ya kukodi vyumba itumieni kutafuta majina na kuona picha, kisha tafuteni namba ya hoteli mpige. Bei ya mtandaoni ina kamisheni ndani yake, na mara nyingi imewekwa kwa ajili ya mgeni wa nje. Mazungumzo yenyewe huwa hivi:

"Habari za kazi, dada. Naulizia chumba cha watu wawili, selfu, kuanzia Jumatatu tarehe 8. Tunalala siku nne."

"Kipo kaka. Ni elfu themanini, na chai."

"Chai ni ya watu wawili?"

"Ndiyo, wawili."

"Sawa. Sisi ni Watanzania, tunatokea Dar, na ndiyo kwanza tunatoka harusini. Ni katikati ya wiki, na tutalipia siku zote nne kwa mkupuo. Mtatufanyia bei gani?"

"Hongereni jamani! Ngoja nimuulize meneja nikupigie."

Tazameni mambo yaliyosemwa: uzawa, fungate, katikati ya wiki, malipo ya mkupuo. Kila moja ni sababu ya kushusha bei, na yote yamesemwa kwa adabu. Elfu themanini ikishuka hadi sitini mmeokoa elfu themanini nzima. Wakikutajia bei kwa dola, ombeni ya shilingi. Kanuni zilizotoka Machi 2025 zinakataza kupanga bei za ndani kwa fedha za kigeni.

Ulizeni pia: maji ya moto yapo? Umeme ukikatika kuna jenereta? Chumba kiko mbali na baa na ukumbi wa muziki? Mlango una ufunguo mmoja au mnao wa akiba? Na wakisema watawapambia kitanda kwa maua, ulizeni palepale, "Hiyo ni bure au inalipiwa?" maana hoteli nyingine zina kifurushi cha fungate ambacho bei yake inaonekana siku ya kuondoka.

Kuhusu malipo ya awali, muwe macho. Kuna kurasa za mitandaoni zinazotumia picha za hoteli za watu. Msitume pesa kwenye namba ya mtu binafsi. Ombeni lipa namba yenye jina la biashara, hakikisheni jina linalotokea kwenye simu ni la hoteli, lipeni nusu tu, inayobaki yote mkifika, na muombe ujumbe wa kuthibitisha wenye tarehe, bei na jina la aliyepokea. Piga picha ujumbe huo, mtumie na mwenzako. Siku mbili kabla ya safari pigeni tena.

Bebeni nakala ya cheti cha ndoa kwenye simu. Nyumba za wageni za makanisa na taasisi nyingine za dini, ambazo mara nyingi ni safi, zimetulia na bei zake ni za kibinadamu, zinaweza kukiulizia.

Hatua ya 7: Chakula na matembezi

Chai ya hoteli kuleni vizuri na kuleni kwa kuchelewa, saa tatu na nusu au nne, ili mchana mtosheke na matunda. Nunueni dumu la maji la lita 12 mtaani siku ya kwanza. Maji ya chupa ya hotelini yanakula pesa kimyakimya. Mchana mmoja ingieni kwa mama lishe anayejaza watu, muagize samaki, wali na mchicha. Zanzibar mjini kuleni urojo kwa wenyeji kabla ya kwenda Forodhani, kwenye vyakula vya jioni, na huko ulizeni bei kabla mshikaki haujawekwa motoni.

Kisha chagueni mlo mmoja, mmoja tu, wa kukaa vizuri. Jumatano jioni inafaa, mkiwa mmeshapumzika. Tengeni elfu arobaini kwa huo, mvae, muwashiwe mshumaa, msiangalie bei. Fungate ya kubana kila shilingi kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa inachosha, na mtu aliyeolewa juzi hastahili kuhesabiwa chipsi.

Siku ya kwanza msipange chochote. Kabisa. Mtafika mmechoka na usingizi wa wiki nzima utawadai. Matembezi ya kulipia yawe moja au mawili, na bei ikubaliwe kabla ya kuondoka, ikiwemo ya kurudi. Kama ni boti ya kwenda kisiwa cha Changuu kuona kobe wakubwa, ungeni na watu wengine, kwa sababu mwenye boti anakodisha boti nzima. Mapapasi, yaani vijana wanaowaandama watalii kuwauzia huduma, watakaowafuata Mji Mkongwe waambieni "Asante kaka, sisi wenyeji," mkiendelea kutembea.

Hatua ya 8: Ndugu, simu na begi

Mtu mmoja wa kila upande ajue mko wapi, kwa ajili ya usalama. Wengine waambieni mnarudi Ijumaa. Mtaarifuni mwenyekiti wa kamati kwamba madai yoyote ya harusi yapelekwe kwa mhazini, si kwenu, mpaka wiki ijayo. Hili naomba mlisimamie, maana simu ya mwenye maturubai ikiingia Jumanne asubuhi imewaondoa kitandani mkiwa mbali ya kilomita mia tatu. Mimi nikiwa mhazini huwa nachukua namba za watoa huduma wote Jumamosi ileile na kuwaambia wanipigie mimi.

Picha pigeni mnavyotaka, lakini kuzirusha kunaweza kusubiri. Siku mkirusha ndiyo siku maombi ya "nikopeshe kidogo" yataanza, kwa kuwa watu wataamini pesa mnayo.

Begi moja la kati kwa wawili linatosha basi na boti. Wekeni dawa za maumivu na za tumbo, dawa ya mbu, dawa mnazotumia kila siku, sweta kama ni Lushoto, chaja ya akiba, na noti ndogondogo za bodaboda. Kama mmeamua kupanga uzazi, au hamjaamua, zungumzeni na mtaalamu wa afya wiki kadhaa kabla ya harusi. Fungate si wakati wa kutafuta duka la dawa usiku.

Ile akiba ya elfu sitini msiiguse hata kama Alhamisi mmeona kitenge kizuri. Ijumaa jioni mtashuka Mbezi au bandarini na mabegi, foleni imekaza, na mtahitaji bajaji mpaka nyumbani. Nyumbani jokofu ni tupu. Inayobaki inunue mchele, mafuta, nyanya, vitunguu na gesi ya Jumamosi.